Lami ya zamani: gumzo la kikundi cha mtaa, Tabora

Mwenyekiti: Mwangaluka ndugu zangu. Kikao cha Jumamosi ni saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa. Ajenda ni moja tu, lami ya zamani. Tangu malori yahamie barabara ya mchepuko, hapa kwetu pamebaki peupe, na pikipiki na Noah zinakimbia kuliko mwanzo. Toeni maoni mapema ili siku hiyo tuwe na neno moja.

Mama Zai: Mwangaluka Mwenyekiti. Mtoto wa jirani yangu mpaka leo ana hogo (plasta ya mfupa) mguuni. Mimi nataka matuta. Kuanzia msikitini mpaka shuleni, matuta tu.

Kijana wa Kijiweni: Mama shikamoo. Matuta sisi wa bodaboda tunayakwepa pembeni, kwenye vumbi. Na huko pembeni ndiko watoto wanakopita. Nimeona niseme ukweli, maana na mimi nina mdogo wangu anasoma pale.

Mama Zai: Marahaba mwanangu. Sasa tufanyeje?

Baba Neema: Kijana amesema jambo kubwa. Mimi nimeshika kamba ya upimaji barabarani miaka mingi, nawaambia nilichokiona. Ile barabara ilichorwa kwa ajili ya lori linalokwenda mbali. Imenyooka, kila njia ina upana wa kama mita tatu na nusu, halafu kuna mabega, ule ukingo wa pembeni, huku na huku. Dereva akikuta uwazi wa namna ile mguu unakanyaga wenyewe, hata kibao kiseme 50. Foleni ya malori ndiyo iliyokuwa inawazuia. Malori yameondoka, uwazi umebaki.

Baba Neema: Pigeni hesabu hii. Lami pamoja na mabega yake ni kama mita 10. Mtoto wa darasa la kwanza anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo yuko barabarani sekunde 10. Gari la mwendo wa 80 ndani ya sekunde hizo limeshakula zaidi ya mita 200. Yaani mtoto anaanza kuvuka gari halijaonekana hata pale kwenye kona. Sasa punguza barabara iwe mita 6 na mwendo uwe 30. Mtoto anavuka kwa sekunde 6, na gari limesogea mita 50 tu. Hapo dereva na mtoto wanaonana.

Mwalimu wa Darasa la Pili: Hiyo hesabu nitaiandika ubaoni kesho. Lakini sheria yetu kwenye makazi si 50?

Baba Neema: Ni 50, mwalimu. Ila mwaka 2020 mataifa yalikutana Stockholm, Sweden, kwenye mkutano wa usalama barabarani, na azimio lao likataja 30 kwa sehemu ambako magari yanachanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Na mwili wa mtu haubebi pigo la 50 kama unavyobeba la 30.

Dada wa Duka: Jamani na sisi wafanyabiashara mtukumbuke. Malori yalipokuwa yanapita, madereva walisimama kununua maji, asali, karanga. Sasa hivi naweza kukaa hadi adhuhuri sijauza. Mkiibana barabara si ndiyo mnatumaliza?

Baba Neema: Hapana dada yangu. Zile mita nne zinazobaki ndizo zenu na watembea kwa miguu. Njia ya miguu na baiskeli upande wa maduka, sehemu ya bajaji na Hiace kusimama nje ya lami, kivuli. Mtu anayepita kwa 80 hakuoni. Anayepita kwa 30 anaona ndoo yako ya asali.

Kaka (Uingereza): Salaam wote. Huku kusini magharibi mwa London, nje ya jiji, kuna sehemu inaitwa Hindhead. Barabara kuu ya A3 ilikuwa inapita pale juu kwenye nyika, foleni kila siku. Mwaka 2011 wakafungua handaki, gari zote zikahamia chini. Ile ya zamani kipande kikubwa waliing'oa lami kabisa wakarudisha nyika. Watu wanatembea pale na mbwa wao. Walichofanya ni kutoiacha ile ya zamani ibaki na umbo la barabara kuu.

Mzee Balozi: Huko hakuna nyumba kando yake. Hapa tunaishi, hatung'oi lami. Lakini neno la umbo nimelishika. Mimi naomba miembe irudi. Miji yetu hii ilijulikana kwa miembe.

Baba Neema: Shikamoo Mzee. Miembe inawezekana mwendo ukishashuka, si kabla. Mti kando ya barabara ya kasi unaua. Na tuipande nyuma ya mtaro, mizizi isipasue lami.

Mzee Balozi: Marahaba. Na zile X nyekundu za bomoabomoa kwenye kuta zetu?

Mwenyekiti: Hapo ndipo penye kazi, Mzee. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ndiyo maana X zikafika mpaka ukumbini kwa watu. Barabara ikiwa bado kwenye vitabu vya TANROADS, wale wa barabara kuu, basi TARURA, wale wa barabara za mijini na vijijini, hawawezi kuja kupaka hata zebra. Lazima kwanza ishushwe hadhi rasmi, ikabidhiwe. Maombi yanapitia halmashauri mpaka Bodi ya Barabara ya Mkoa. Diwani nimeshaongea naye. Suala la X nitaliandika kwenye barua hiyohiyo.

Mama Zai: Na wakati tunasubiri barua, watoto wanavukaje?

Mwalimu wa Darasa la Pili: Mimi na walimu wenzangu tutasimama asubuhi na saa ya kutoka. Ila ombi letu la kwanza liwe zebra iliyoinuliwa mbele ya geti. Si tuta la mgongo, ni jukwaa bapa, mtoto anavuka bila kushuka kwenye lami na gari linapanda taratibu.

Baba Neema: Jukwaa hilo liende na bomba la kupitisha maji ya mvua chini yake. Mvua za masika likiziba mtaro, geti la shule litakuwa bwawa. Tena lifike mpaka kwenye mtaro pande zote mbili, vijana wasipate upenyo wa pembeni.

Kijana wa Kijiweni: Hapo sawa. Sisi kijiwe tunahama kutoka kwenye kona, maana pale tunawazibia wanaovuka wasione gari. Tuonyesheni pa kukaa tu.

Dada wa Duka: Njooni mbele ya duka langu, pana nafasi.

Mwenyekiti: Nimeandika yote. Baba Neema, Ijumaa jioni njoo na futi ya mita hamsini, tupime upana sehemu tatu kabla ya kikao. Kijana, nyie mtatushikia magari.

Kijana wa Kijiweni: Saa kumi na moja tupo.