Naomba ushauri: nimepata eneo jirani na stesheni ya Kazuramimba, ninunue?

Binti Mawese: Habari zenu wakuu. Nipo Kazuramimba, Kigoma. Mama anauza mihogo ya kuchemsha, ndizi na karanga hapa stesheni tangu sijaanza shule, na ada zetu zimetoka kwenye madirisha ya daraja la tatu. Nimejichanga kwenye mawese, nataka nimtoe juani. Kuna mzee anauza kipande hatua chache kutoka relini, tutaandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nawaza kibanda cha tofali: chai, wali samaki, vocha, na chumba cha nyuma cha kutunzia madumu ya watu wanaosubiri treni. Wanaoijua reli, nichukue?

Mzee wa Gengi: Binti, kabla ya kuulizana bei chukua futi. Hifadhi ya reli vijijini ni mita 30 kila upande, mijini 15, na unapima kutoka katikati ya njia, si pale kokoto zinapoishia. Ni Sheria ya Reli ya 2017. Hizo hatua chache zako hazifiki 30 hata ungekuwa na miguu ya twiga. Huyo mzee hana cha kukuuzia. Siku ukipigwa X nyekundu ya kubomolewa usitegemee fidia, na mwenyekiti aliyegonga muhuri hutamwona.

Binti Mawese: Shikamoo mzee wangu. Mbona vibanda vingine vipo palepale?

Mzee wa Gengi: Marahaba. Havijafikiwa.

Mchuuzi Nguruka: Mimi naongelea biashara. Abiria wa mbali hashuki, anaogopea kiti na mzigo wake. Ananunua dirishani, chenji iwe mkononi tayari. Sasa treni ichelewe iingie saa nane usiku, wali wako utamuuzia nani? Hapa kinachouza ni beseni, hotipoti na tochi. Wa kukaa kibandani ni wenyeji, na wenyeji tangu ilipokuja lami ya Kidahwe–Uvinza wanaenda Kigoma mjini kwa gari. Treni wanaikumbuka wakiwa na magunia. Kibanda peleka barabarani, mama akae humo. Siku za treni atume vijana na masinia.

Mnyamwezi Halisi: Huo wali samaki ni wa migebuka? Nijibiwe kwanza hilo.

Jirani wa Stesheni, Tabora: Na SGR, hii reli mpya ya kisasa, je? Mkataba wa Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Usinunue kiwanja kwa kubahatisha kituo kipya kitakaa wapi. Halafu mimi nimeipanda ya Dar–Dodoma: madirisha hayafunguki, njia ina uzio, sinia halisogei. Inayolisha mama zetu ni hii ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ila hilo la kutunza madumu ni wazo zuri dada, tena halilazimu kuwa relini. Kuwa nyuma kidogo, uwe na toroli, watakuja.

Binti Mawese: Jioni hii nimepima na mdogo wangu: mita 19. Nilipomwambia mzee, akashusha bei papo hapo. Nimeelewa. Kesho naulizia kiwanja upande wa barabara. Na kuhusu kutunza mizigo ya watu, leseni ya biashara ya halmashauri inatosha, au mizigo ikipotea nitadaiwa mimi? Mwenye uzoefu anisaidie, hasa namna ya kuandika risiti.

Mnyamwezi, ndiyo, migebuka.