Naomba ushauri: nakala rudufu za hifadhidata ya kampuni

MlinziWaSeva: Hamjambo wakuu. Ninasimamia seva za kampuni ya kusambaza vipuri hapa Industrial Area, Nairobi. Hifadhidata yetu inaendeshwa na programu ya PostgreSQL, ina gigabaiti 180, na kila saa sita usiku zana yake ya pg_dump hutoa nakala nzima na kuiweka kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo. Jumanne stima ilipotea na kurudi mara tatu, na seva ilipowaka diski hiyo haikusomeka tena. Data yenyewe ilisalimika, lakini tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, nihamishie nakala hiyo ya usiku mahali pengine tu, au nibadilishe njia kabisa?

Mzee wa Jedwali: Pole sana, ndugu. Muulize kwanza mkurugenzi wako anaweza kuvumilia kupoteza mauzo ya muda gani. Kwa nakala ya usiku pekee, seva ikifa saa kumi alasiri mmepoteza ankara za kutwa nzima, na mteja aliyekwisha kubeba vipuri kwa mkopo si lazima arudi kuwakumbusha deni lake. Mimi ningechukua nakala ya msingi, yaani ya mafaili yote ya hifadhidata, kila wiki kwa zana ya pg_basebackup, kisha nikahifadhi mfululizo mafaili ya WAL, yaani lile daftari ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali. Mtu akifuta jedwali saa 9:14, unarejesha nakala ya msingi, unarudia mabadiliko yaliyo kwenye WAL, na hifadhidata inarudi ilivyokuwa saa 9:13.

Binti Ngara: Naafiki, ila mafaili hayo yasikae kwenye jengo moja na seva. Yafunge kwa usimbaji fiche, yasisomeke bila ufunguo, kabla ya kuyapeleka kwenye wingu, kwani majina na namba za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tena nakusihi ujaribu kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu misimbo ya programu, alifuta kimakosa data ya seva kuu, ndipo wakagundua kwamba pg_dump yao ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo lake halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za tahadhari hazikuwa zikiwafikia.

MlinziWaSeva: Ahsanteni sana. Leo nimerejesha nakala ya zamani kwenye kompyuta ya akiba, na imechukua saa tano na dakika ishirini. Mkurugenzi alidhani ni nusu saa. Ameniruhusu ninunue seva ya pili, na uhifadhi wa mafaili ya WAL nauwasha Jumamosi baada ya kufunga mauzo.