Nikivuta pumzi moyo unapanda, nikitoa unashuka. Ni kawaida au nimekwisha?

mkeka_wa_ukindu:
Wakuu za usiku. Nina miezi miwili najifunza kutafakari, yaani nakaa kwenye mkeka nafumba macho nafuatilia pumzi basi, maana mawazo ya kazi yalikuwa yananinyima usingizi. Sasa kuna jamaa yangu anakimbia marathoni akaniazima mkanda wake wa kifuani ule wa kusoma mapigo, unauunganisha na simu kwa bluututhi unaona grafu laivu. Juzi ndo nikaona maajabu. Nikivuta pumzi mapigo yanapanda mpaka 78, nikitoa yanashuka mpaka 64, nikivuta tena juu, kama mawimbi. Mi nilijua moyo wa mtu mzima unapiga sawasawa kama saa ya ukutani!! Halafu kuna namba ya HRV, ile ya mapigo kupishana, nikijikalia tu kimya inashuka, nikipumua polepole kwa makusudi inapaa. Sasa natafakari vibaya au moyo ndo mbovu? Nina miaka 31, sivuti sigara.

nesi_zamu_ya_usiku:
Shusha pumzi kwanza mkuu (na uangalie grafu nayo ikishuka hehe). Hayo mawimbi ni kawaida kabisa, na kwa vijana ndo yanakuwa makubwa, umri ukienda yanapungua. Kuna neva inaitwa vagasi inatoka kwenye ubongo inashuka mpaka kwenye moyo, kazi yake kama breki. Ukivuta hewa breki inalegea, moyo unakimbia kidogo, ukitoa inakamata tena. Mjerumani Carl Ludwig aliliona hilo kwa mbwa tangu 1847 wala hakuwa na bluututhi. Hata bila mkanda utalipata, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, pumua taratibu, utasikia mapigo yanasogeleana halafu yanaachana.

Cha kuogopa ni mapigo yanayorukaruka bila kufuata pumzi, au ukisikia kizunguzungu, kuzimia, kifua kubana. Hapo nenda ukapigwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, usibaki humu kutuuliza sisi.

Bwana_Tochi:
Mkuu rudisha mkanda wa watu ulale 😂

mtoto_wa_pwani:
Nesi kamaliza upande wa moyo, mi niongezee hiyo namba maana ilinichanganya sana na mimi. HRV inapima mapigo yanapishana kiasi gani. Mtu mzima akitulia anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika, ukishuka mpaka kama 6, yaani sekunde 10 kila pumzi, mawimbi yanakuwa makubwa mno. Sababu ni kwamba mwili una mfumo wake wa kurekebisha presha ya damu na majibu yake yanachelewa kama sekunde 5, kwa hiyo pumzi ya sekunde 10 inaukuta mfumo wakati wake hasa, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea, ukipatia muda anapaa bila wewe kutumia nguvu. Kwa hiyo namba kupaa haimaanishi umetulia moyoni, inaweza ikawa umepumua polepole tu huku unawaza kodi ya nyumba. Na ikishuka ukiwa kimya haina maana umeharibu, pumzi imerudi mwendo wake wa kawaida.

Kuna utafiti wa Waitaliano ulitoka 2001 kwenye jarida la madaktari la Uingereza, waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na hao hao wakisema mantra ya Kibudha, yaani maneno ya kurudiarudia, zote zikawashusha mpaka karibu pumzi 6 kwa dakika bila mtu kuhesabu. Mi natumia tasbihi, ila ukizikimbiza punje kama unawahi daladala pumzi haitulii ng'o.

Shangazi_Kahawa:
Mi niliingia kichwakichwa, nikadhani polepole maana yake ni kujaza kifua mpaka mwisho. Dakika nne tu vidole vinachonyota, midomo ganzi, nikamwita dada nikijua nakufa. Kumbe nilikuwa natoa hewa chafu nyingi kuliko mwili unavyotaka. Vuta kidogo, tumbo ndo lipande, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na sita sio amri, mi kwangu tano na nusu ndo panakaa vizuri.

nesi_zamu_ya_usiku:
Shangazi kasema kweli. Kama mtu anatumia dawa za presha za kupunguza mapigo, asijilinganishe na namba za mwenzie.

mkeka_wa_ukindu:
Asanteni aisee. Nimejaribu saa hizi, vuta nne toa sita, mawimbi yamepangika kama matuta ya viazi. Jirani akafungulia redio, grafu ikakatika ikawa chakavu kabla hata mi sijajijua kama nimekasirika. Hiyo ndo imenishangaza kuliko zote, simu imeniona kabla yangu. Kesho nageuza simu kifudifudi nakaa robo saa bila kuchungulia, halafu ndo niangalie ilirekodi nini. Ila jamaa kashatuma meseji anautaka mkanda wake Jumamosi.

Bwana_Tochi:
Nilikwambia mimi