Naomba ushauri: akselereta ya kidole gumba au ya mguu kwa gari la nchi kavu na majini

Ndugu wanachama, salamu kutoka Nakasongola, Uganda. Tunatumia gari dogo la magurudumu 8, linalotembea nchi kavu na kuelea majini, kupita kwenye mafunjo ya kandokando ya Ziwa Kyoga, na naomba ushauri wenu kuhusu akselereta yake, ambayo kwa sasa ni ya kuzungusha kwa kiganja kama ya pikipiki.

Gari hili hukata kona kwa kufunga breki magurudumu ya upande mmoja, hivyo dereva hulazimika kuvuta handeli kwa nguvu huku akiongeza mafuta. Likidunda kwenye kichuguu, kiganja hujizungusha chenyewe na gari huruka mbele wakati usiofaa kabisa. Nikiwa na abiria, jambo hilo linanitia hofu.

Ninaelekea kwenye akselereta ya kidole gumba. Hata hivyo, majini tunasukumwa na meno ya matairi pekee, tena polepole, na kidole kitabana muda mrefu bila kupumzika. Ya mguu ingeondoa uchovu huo, lakini sakafu yetu haikosi tope na vipande vya mafunjo vinavyoweza kuzuia pedali isirudi, na hatari hiyo naiona kubwa zaidi.

Mliobadilisha, je, mvuto wa waya mpya (yaani urefu unaovutwa) ulilingana na kabureta ya awali? Pia, mnazibaje ala ya waya ili maji yasiingie na kuleta kutu? Swichi ya kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwa dereva ili akianguka injini izimike, nitaifunga kwa vyovyote vile.