Je, fukuto laweza kuwa kazi ya sanaa?

Mchoraji wa Dunda: Ndugu zangu, naandaa kazi katika chumba cha nyumba kongwe ya mawe hapa Bagamoyo. Sitaki kutundika picha. Nataka anayeingia akutane na lile fukuto la Machi, upepo wa kaskazi umelala na masika hayajaanza, watu wakikasirikiana bila sababu. Tunaposema mtu "amechafua hali ya hewa" kikaoni, tunakiri kwamba hewa tunayoivuta na hewa iliyo baina yetu zinaingiliana. Nafikiria kukodi mashine ya moshi wa jukwaani. Naomba ushauri.

Msomaji, Tanga: Mwaka 1970, mjini Osaka, msanii wa Japani Fujiko Nakaya alilifunika banda la maonyesho kwa ukungu wa maji matupu, akauachia upepo uuchonge. Mwaka 2003, msanii Olafur Eliasson aliwasha jua la taa za manjano ndani ya jumba la sanaa la Tate Modern, London, akatia ukungu hafifu na kutandaza vioo darini, na watu wakalala sakafuni wakijitazama huko juu. Hao walikuwa wametoka kwenye baridi, wakapewa walichokikosa nje. Hewa ya pwani yetu imekwisha kushiba maji: ukiongeza matone hayatakauka upesi, wala jasho halitakauka, na nahofia utamchosha mgeni kabla hujamgusa.

Mama wa Magomeni: Mwanangu, mashine ya nini? Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Kuta za matumbawe na chokaa zina chumvi, na chumvi hufyonza unyevu. Mvua ikikaribia, lipu hutoa jasho, na ukiigusa kiganja kinarudi na unga mweupe uliolowa. Funga dirisha la upande wa baharini tangu asubuhi, mgeni aweke kiganja ukutani, akae kimya mpaka achoke, ndipo ulifungue. Upepo ule wa kwanza shingoni ndiyo kazi yako.

Fundi mstaafu: Kagua kwanza kama lipu ni ya chokaa au ya saruji, kwa sababu saruji huziba ukuta usipumue.

Mchoraji wa Dunda: Shikamoo mama, nanyi wengine asanteni sana. Leo nimepapasa kuta zote nne: tatu ni za chokaa, zina unyevu na unga wake, na ya nne ilitiwa saruji, nayo ni kavu, ngumu. Nitaziacha kama zilivyo, ili kiganja chenyewe kipite kutoka huku hadi kule. Mashine sitaikodi.