Kikao cha Alhamisi, magrupu au maonyesho: masaa yangu 6 niyaweke wapi? (Arusha)

MamaKeki_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza keki, sambusa na lanchi boksi za wageni wa safari, niko Sakina na wasaidizi wawili. Kila mtu ananiambia "toka, ujuane na watu". Nimetoka, sasa oveni ndiyo inalala. Wiki iliyopita nikaandika muda wangu kwenye daftari. Kikao cha wajasiriamali hotelini Alhamisi asubuhi kinakula masaa 4, pamoja na kifodi (daladala ndogo) kwenda na kurudi. Magrupu 11 ya WhatsApp, kama dakika 90 kwa siku. Na Juni kuna maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, naambiwa nikodi banda. Kwa wiki naweza kutoa masaa 6 tu. Nifanye lipi?

Mabegi_Memorial
Dada, mimi niko Moshi, soko la Memorial. Vikao vya namna hiyo nilihudhuria miezi minne. Watu ni wale wale, wote wanauza, mnunuzi hayupo. Ila mhasibu wangu nilimpata pale pale, na fundi wa zipu pia. Kwa kutafuta wateja, hapana. Kwa kutafuta watu wa kukusaidia kazi, ndiyo. Siku hizi naenda mara moja kwa mwezi na sijakosa kitu.

DerevaMstaafu
Nimezunguka ofisi za utalii miaka mingi. Usihesabu masaa tu, angalia na mwezi. Aprili na Mei ni masika, wageni wachache, meneja yuko ofisini anapiga miayo. Mpelekee boksi moja aonje, atakula na atakusikiliza. Ukimfuata Julai au Agosti utaishia kwa mlinzi getini. Maonyesho ya Juni ndiyo kabisa: wenye kampuni wanawinda mawakala wa nje, wewe wa sambusa utapewa kadi na tabasamu. Nenda siku moja, tembea, banda waachie wenye mahoteli. Halafu nikuulize, kadi ulizokusanya mwaka huu umempigia nani?

AsaliNjiro
Hapo kwenye banda napinga kidogo. Nane Nane hapa Njiro tulibanana watatu banda moja, tukagawana gharama, na asali ilitoka vizuri. Lakini duka lilifungwa siku zote zile, na Septemba waliorudi kununua walikuwa wawili. Asali inakaa kabatini mwaka mzima. Keki je?

BintiKibosho
Jamani, mmesahau vikao vya harusi! MC, mpiga picha, mtu wa mapambo, mwenye ukumbi, wote wanapita mbele ya kamati moja, na bajeti iko mezani. Tatizo mnaitwa saa kumi, mwenyekiti anatokea saa kumi na mbili. Kwa hiyo usikubali kuwa mjumbe wa kamati, maana utachangishwa na utapewa kazi juu. Muulize katibu siku ya kuchagua wa keki, fika na vipande vya kuonja, jieleze dakika 10, aga. Mimi oda zangu za Desemba, Wachaga wakishapanda kutoka Dar, karibu zote zinaanzia huko. Anza Septemba, Novemba wameshachagua.

Mabegi_Memorial
Mama Keki, nimerudi kusoma hesabu yako. Dakika 90 mara siku 7 ni masaa 10 na nusu. Yaani magrupu yanakula zaidi ya hayo 6 unayotuomba tukugawie!

MamaKeki_Sakina
Aisee. Sikuwa nimejumlisha.

@DerevaMstaafu, kadi ziko 34 kwenye kopo la biskuti. Niliyempigia ni mmoja, tena alikuwa ananidai.

Basi Alhamisi nitakwenda mara moja kwa mwezi, banda sikodi, na Jumatatu mchana ni ya kupiga simu za kadi hizo. Magrupu nimetoka 7 usiku huu huu. Admini wa moja kanipigia kuuliza nani kaniudhi, tumeongea dakika 40.