Kupanda na kushuka boti ndogo gatini na mzee mwenye magoti mabovu, mnafanyaje?

binti_kiboriloni
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, mwisho wa mwezi tunampeleka mama Ziwa Duluti pale Tengeru, miaka yote anapita barabarani akienda Arusha na hajawahi hata kupanda mtumbwi. Magoti yanamsumbua sana, alafu tutakuwa na watoto wawili wa dada. Kukaa ndani ya boti sina wasiwasi, kinachonitisha ni kuingia na kutoka, niliwahi kuona mtu mguu mmoja uko kwenye mbao za gati mwingine uko botini, boti ikaanza kusogea na yeye akatumbukia katikati. Naombeni ushauri kwa wanaojua.

kafi_mkononi
Dada, boti haisogei yenyewe, anayepanda ndo anaisukuma. Ukiweka mguu ukaegemea kwa nje maji hayana kitu cha kuishikilia, inaondoka na mguu wako. Kwa hiyo kwanza ifungwe kamba mbele NA nyuma, ikifungwa mbele tu, nyuma inafunguka kama mlango. Pili mtu akae chini pale gatini aishike ubavu. Anayepanda akanyage katikati kabisa ya sakafu, sio pembeni, ainame, ashike kingo zote mbili na akae hapohapo, asisimame kuangalia mandhari. Na asibebe kitu, mkoba na simu apewe akishakaa. Kingine watu hawakiangalii ni mbao zenyewe, zikilowa zinaota ukoga zinateleza vibaya, mama avae raba, sio ndala.

mangi_wa_tpc
Kafi kamaliza, mi naongezea la magoti. Kama gati halijapishana sana kimo na boti, mama asipande kwa kusimama kabisa. Akae kwenye ukingo wa gati, ashushe miguu yote miwili katikati ya boti, mikono aiweke gatini pembeni yake, alafu ahamishe makalio polepole mpaka kwenye kiti. Wewe uwe umeshatangulia ndani na UMEKAA, maana ukisimama kumpokea mnakuwa wawili mnaoyumba. Usimvute mkono, mpe bega ashike mwenyewe.

Huku kwetu Nyumba ya Mungu mambo ni tofauti kidogo, lile ni bwawa, maji yanapanda na kushuka, leo ukingo uko hapa baada ya miezi uko kule, kwa hiyo wengi tunapandia ufukweni tu. Hapo kosa linalofanyika ni kumpakia mtu huku pua ya mtumbwi imekaa kwenye tope na nyuma inaelea, mtumbwi wa hivo unapinduka kirahisi kuliko unaoelea wote. Usukumeni uelee kwanza, washikaji wawe wawili kila ubavu mmoja, ndo mzee aingie.

binti_kiboriloni
Asanteni sana, hilo la kukaa gatini sikuwahi kuliwaza kabisa na nadhani mama ataliweza. Sasa wakati wa kushuka nani anatangulia? Na watoto?

mama_wawili_usa
Kushuka ndo kubaya zaidi mdogo wangu, kwa sababu watu wamefika wanajiona wako salama, wanainuka wote kwa pamoja upande wa gati na boti inalala. Mkikaribia waambie kila mtu abaki amekaa na mikono iwe NDANI, vidole vikibanwa kati ya boti na gati ni kuvunjika, hata boti ndogo ikisukumwa na upepo ina nguvu. Atangulie mtu mzima mwepesi anayejiweza, afunge kamba zote mbili, ndo wengine washuke mmoja mmoja. Mtoto asitangulie kuachwa peke yake gatini, apokelewe na huyo mtu mzima. Mama ageukie gati, aweke viganja vyote viwili juu, akalishe kiuno ukingoni, miguu ndo iwe ya mwisho kutoka.

Laifu jaketi wavae kabla hata ya kukanyaga gati, na uzifunge mwenyewe, ukilivuta juu mabegani lisipande mpaka kwenye masikio. Duluti ni ziwa la kreta, yaani maji yamejaa kwenye shimo la volkano, kwa hiyo usitegemee kwamba mtoto akidondoka pembeni atasimama. Na mwambie nahodha mapema kuhusu magoti ya mama ili msiharakishwe, kama kuna boti pana muombe hiyo hata kama mtasubiri.

kafi_mkononi
Nendeni asubuhi, upepo unakuwa mdogo.